Dawa ilikuwa jengoni, imefungiwa kabatini. Je, maeneo ya umma yalazimishwe kuwa na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga?

#1 Mlinzi_wa_Zamu (mleta mada)

Habari za muda huu wanajamvi. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi apite tu, sitamlaumu.

Mimi mtu wa Tanga, Ngamiani, kwa sasa nabeba boksi Ontario, Kanada. Boksi langu ni ulinzi. Jengo lina maduka chini, ofisi juu, na choo cha umma ambacho kila aliyekosa pa kwenda wakati wa baridi anakijua. Februari iliyopita, saa mbili kasoro usiku, mama wa usafi akaja mbio kuniambia kuna miguu inaonekana chini ya mlango wa choo cha pili, na ameita hadi kachoka.

Nikagonga. Kimya. Mlango ule unafungukia ndani na yule bwana alikuwa amekaa chini kauegemea, kwa hiyo kuusukuma ilikuwa kama kusukuma gunia la mchele. Tulipopata upenyo wa bega nikamwona: midomo ya kijivu inayoelekea bluu, kucha vilevile, na ule mkoromo. Waliowahi kuusikia wananielewa. Sio wa usingizi. Ni kama bomba lililoingia hewa linapotapika maji, halafu kimya kirefu mpaka unadhani basi, halafu tena.

Jengo letu lina kisanduku cha naloksoni. Nilikionyeshwa siku ya kwanza kazini: kiboksi cha zipu, ndani vichupa viwili vya kupuliza puani, glavu, kile kizuizi cha plastiki cha kuweka mdomoni unapompa mtu pumzi, na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza na Kifaransa. Nikakimbia kukifuata. Kisanduku kipo kwenye kabati la ofisi ya msimamizi. Kabati lina kufuli. Ufunguo anao msimamizi. Msimamizi katoka saa kumi na moja.

Nilipiga teke lile kabati. La chuma. Mguu ulivimba wiki nzima.

Aliyemwokoa yule bwana ni mwanamke mmoja ambaye mimi mwenyewe humfukuza pale mlangoni karibu kila siku, mwenye begi la mgongoni lililozungushiwa utepe wa gundi. Alisikia kelele akaingia, akapiga magoti kwenye yale maji ya chooni, akatoa begini kisanduku kama chetu kabisa. Akamlaza chali, akamwinua kidevu, akampulizia pua moja. Akaanza kumpa pumzi, moja kila sekunde tano, anahesabu kwa sauti. Kimya. Zilipopita kama dakika tatu akampulizia kichupa cha pili pua ya pili. Mimi nimeshika simu naongea na watu wa ambulansi, mkono unatetemeka, na yeye huku anahesabu ananiuliza jina langu ili nitulie. Mimi, mlinzi!

Yule bwana akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Neno lake la kwanza lilikuwa tusi kwa aliyemwokoa.

Sasa nauliza. Huku kuna sheria ya kuweka hii dawa makazini, California nako wameilazimisha kwenye viwanja na kumbi za muziki. Nyumbani Tanga nimezika watu wawili wa rika langu kwa unga. Ingekuwa sheria kwetu, stendi, sokoni, hotelini, gesti, ingesaidia? Au ingeishia kabatini?

#2 Mkulima_wa_Mtandaoni

Siti ya mbele, nipitishieni kahawa. Wauza viwanja vya Kigamboni naomba msituchafulie huu uzi.

#3 Babu_Kijiwe

Mkuu pole kwa mguu. Ila niseme ukweli wangu. Huko wenzetu wana hela ya kuchezea. Mimi kwetu Tabora nyoka anaua mtu na dawa ya sumu ya nyoka zahanati hakuna. Mama anajifungua kwa tochi ya simu. Leo nianze kumwekea teja dawa kila stendi ili akizidisha aamshwe, kesho azidishe tena? Huko si ndiko kuwalea? Mtu akijua chini kuna wavu, anaruka.

#4 Mfamasia_Pwani

@Babu_Kijiwe hoja ya nyoka nakuunga mkono mia kwa mia, na imeniuma maana nimefanya kazi huko. Ya wavu ngoja nikujibu, lakini kwanza tueleweshane dawa yenyewe.

Naloksoni ni mzee. Hati miliki yake ni ya 1961, Marekani waliidhinisha matumizi 1971, na Shirika la Afya Duniani (WHO) wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1983. Kilichokuja juzi ni kile kichupa cha puani, ambacho Marekani kiliidhinishwa 2015, na mwaka 2023 wakaruhusu kiuzwe bila cheti cha daktari.

Fikiria daladala. Kwenye ubongo kuna viti, na heroini (au mofini, au fentanili, zote ni jamii ya afyuni) ikikaa pale inapunguza maumivu, inaleta ile stimu, lakini pia inamwambia mwili asisumbuke kupumua. Anayezidisha hafi kwa sumu ya kuchoma tumbo kama wengi wanavyodhani. Anasahau kupumua. Naloksoni inapanda daladala, inamsukuma aliyekaa, inakaa yenyewe, na haina stimu yoyote. Ndani ya dakika mbili tatu pumzi inarudi. Tatizo ni kwamba inashuka kituo cha karibu, dakika 30 hadi 90 hivi, na yule aliyesukumwa bado yumo ndani ya gari, amesimama. Ndiyo maana hata akiamka na kutukana, hospitali lazima, asije akazima tena njiani.

Mambo mawili watu huogopa bure. Ukimpa mtu ambaye hakutumia afyuni, haimdhuru. Na kama kazimia kwa pombe, kokeini au sukari kushuka, haitamsaidia, lakini hutakuwa umemuua. Kwa hiyo ukiwa na shaka, mpe, huku ukiita msaada.

Sasa wavu. Massachusetts walifuatilia miji 19 kati ya 2002 na 2009. Palipogawiwa naloksoni na mafunzo kwa watumiaji na jamaa zao, vifo vilikuwa chini kwa asilimia 27 pale waliofundishwa walikuwa wachache, na asilimia 46 pale walipokuwa wengi. Wapo pia wachumi wawili wa Marekani walioandika karibu kama Babu anavyosema, kwamba sheria za kurahisisha dawa hii zinawapa watu ujasiri wa kuzidisha. Wakapingwa vikali na wataalamu wa afya ya jamii. Mimi niko upande wa wale wa Massachusetts, na sababu yangu si ya kitabuni. Angalia yule bwana wa choo alivyoamka. Naloksoni ni arosto ya papo kwa papo: jasho, kutapika, mifupa inauma, hela yote ya kete imeyeyuka. Hakuna teja anayepanga kupitia hapo kwa raha zake.

#5 Nimeacha_Ngada

Nathibitisha. Sijawahi kupigwa naloksoni ila arosto naijua kama jina la mama yangu. Anayesema mtu atazidisha makusudi kwa kuwa kuna wavu, hajawahi kuiona arosto hata kwa mbali.

Nipo kwenye methadoni, ile dawa ya kunywa badala ya heroini, Dar, mwaka wa sita huu. Kila asubuhi nakunywa kikombe changu, nakwenda kazini. Nitarudi, niko kwenye gari.

#6 Tajiri_wa_Mawe

Mleta mada, nipo Toronto, shughuli zangu ni usalama kazini, nikurekebishe kidogo maana watu watachukua hii kama ilivyo.

Sheria ya Ontario haikuandikwa kwa ajili ya yule bwana wa choo. Iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2023 inamlenga mwajiri mwenye sababu ya kujua kwamba *mfanyakazi wake* anaweza kuzidisha akiwa kazini. Wajenzi waliotuliza mgongo kwa vidonge vya maumivu hadi vikawateka, watu wa namna hiyo. Kama hatari inatoka kwa mteja au mpita njia tu, sheria hiyo haimlazimishi mwajiri. Bosi wako pengine ameweka kisanduku kwa kuwa anawahofia wafanyakazi wake, au kwa hiari tu. Jambo jema. Lakini kwa akili hiyo, kukiweka kabatini pamoja na vifaa vingine vya ofisi anaona sawa kabisa.

Ya California ndiyo ya umma kweli. Oktoba 2023 Gavana Newsom alisaini sheria inayotaka viwanja vya michezo, kumbi za matamasha na mabustani ya burudani yawe na naloksoni ambayo haijaisha muda, na angalau wafanyakazi wawili wajue ilipo. Soma tena hapo: *wajue ilipo*. Aliyeandika hicho kipengele nahisi amewahi kukutana na kabati kama lako. Mwaka uliofuata wakapitisha nyingine ya kuiingiza kwenye masanduku ya huduma ya kwanza makazini, kanuni zake bado zina safari: rasimu imepewa hadi Desemba 2027, uamuzi hadi Desemba 2028.

#7 Mlinzi_wa_Zamu

@Tajiri_wa_Mawe asante mkuu, hilo sikulijua. Mwaka wote nimekuwa nikiwaambia wenzangu "sheria inatutaka". Kumbe kisanduku kilikuwa chetu sisi walinzi, haha. Nacheka lakini imeniuma.

#8 Mama_Watatu

Mimi Minneapolis. Huku Minnesota tangu 2023 kila shule ya umma lazima iwe na dozi zisizopungua mbili za kupuliza puani. Barua ya shule ilipokuja nyumbani, kwenye kundi letu la kina mama wa Afrika Mashariki ilikuwa vita. Mmoja anasema wanawafundisha watoto wetu unga. Mwingine anasema hiyo ni ya watoto wa Wazungu. Nikanyamaza, kwa sababu mtoto wa jirani yangu, mtu wa kwetu kabisa, aliyekuwa akisoma madrasa na wanangu, alifia chumbani kwake kwa kidonge alichokinunua kwenye simu akidhani ni cha maumivu. Kilikuwa na fentanili. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Msibani tulidanganyana kuwa ni moyo. Tulikula pilau, tukaambiana ni moyo.

Baada ya hapo nilinunua Narcan, ndiyo hiyo naloksoni ya puani kwa jina la dukani, dola kama 45 vichupa viwili, nikaweka juu ya friji karibu na panadoli. Mume wangu alikasirika: "Unawatilia watoto mkosi." Nikamwambia kizima moto cha jikoni nacho ni mkosi? Huko misikitini na makanisani ndiko ningetaka iwe lazima, kabla ya viwanja vya mpira. Huko ndiko tunakokutana, na huko ndiko tunakodanganyana.

#9 Meneja_wa_Loji

Naongea kama mwenye biashara, msinirushie mawe. Nina gesti, vyumba kumi na viwili, mji mmoja wa pwani. Kuna sheria ya mtungi wa zimamoto, ninao. Kuna sanduku la huduma ya kwanza, ninalo. Mniulize kama wafanyakazi wangu wanajua kuutumia mtungi. Yule kijana wa mapokezi anautumia kuzuia mlango usijifunge upepo ukivuma. Stika ya ukaguzi ipo, mpya kabisa.

Mkiniletea sheria ya naloksoni nitanunua, nitasaini, nitaweka pale pale kwenye mtungi. Siku ya siku mhudumu wa chumba akimkuta mteja kazima, unajua atafanya nini? Atafunga mlango taratibu aje kuniambia mimi. Na mimi nitafikiria mambo matatu kabla ya dawa: polisi, jina la gesti, na kama huyu mteja amelipa. Nisamehewe kwa kusema ukweli.

#10 Mkulima_wa_Mtandaoni

Sanduku la huduma ya kwanza la matatu je? Nilifungua moja safari ya Nakuru: risiti, tambara la kufutia kioo, na nusu ya mkate.

#11 Binti_Kisauni

Asalaam aleikum. Nimesoma yote. Mimi Mombasa, nimefanya kazi na mateja miaka tisa, maskani kwa maskani, yaani vijiwe wanakotumia. Huyo meneja asirushiwe mawe, amesema kweli tupu.

Tuanze na mahali. Wa kwetu hawazidishi uwanjani kwenye mpira. Wazidisha maskani, magofuni, kwenye mabanda ya ufuoni, nyumbani kwa mama chumba cha nyuma. Ukiweka dawa lango la mkahawa wa kitalii umemwekea mtalii. Unga wafika kwetu kwa majahazi tangu zamani, mwaka 2014 pekee manowari ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini baharini nje ya Kenya. Lakini tangu lini jahazi likashusha mzigo mbele ya hoteli?

Pili, dawa yenyewe twayo, ya sindano, ile ampuli ndogo. Iko kituoni. Pale nilipokuwa, kituo chafungwa alasiri, na mtu azidisha saa tano ya usiku. Nimeitwa usiku mara nyingi, nafika nakuta wamemmwagia maji ndoo nzima, wamemnywesha maziwa ilhali hamezi, wamempiga makofi mpaka shavu limevimba, mmoja amdunga maji ya chumvi. Kila mtu afanya kitu, hakuna ampaye pumzi. Wallahi, kuna mmoja niliyemkuta maziwa yametoka puani. Hakuuawa na unga yule.

Tatu, ndilo kubwa. Hao waliomzunguka ndio pekee waliokuwako. Si daktari, si askari, si meneja. Mateja wenziwe. Kama huyo dada wa begi la gundi. WHO walisema mwaka 2014 kwamba yeyote mwenye uwezekano wa kumshuhudia mtu akizidisha apatiwe naloksoni na afundishwe kuitumia. Kenya methadoni ilianza Desemba 2014 Nairobi, mwaka uliofuata ikafika pwani. Maelfu ya watu waja kila siku kwa miguu yao kuinywa. Wape hao visanduku watoke navyo! Foleni mnayo, majina mnayo, kila asubuhi wapanga mstari mbele yenu.

#12 Babu_Kijiwe

Binti umenishika. La maziwa sikulijua. Kijijini kwetu kila sumu dawa yake ni maziwa.

#13 Nimeacha_Ngada

Nimefika. Nisimulie moja kisha nikalale.

Geto letu lilikuwa nyuma ya gereji, Dar, sisemi mtaa. Kulikuwa na jamaa tulimwita Fundi. Alikuwa ametoka gerezani siku ya tatu. Nataka mlielewe hili: ukikaa ndani miezi, mwili unasahau. Yeye akapiga kiasi kilekile cha zamani, kete mbili kwa mkupuo, kwa kuwa kichwa kinakumbuka na mwili haukumbuki. Hakumaliza hata kuvuta sindano. Tulikuwa watano. Wawili walikimbia hapo hapo. Mmoja akachukua viatu vyake. Tukabaki wawili, tukabishana: tukimpeleka hospitali wataulizia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kuipata PF3 ni polisi, polisi ni sisi. Tukambeba tukamlaza barabarani karibu na kituo cha bodaboda ili aonekane kagongwa, wasamaria wamchukue. Nilikaa ng'ambo kwenye mtaro nikitazama. Walimchukua baada ya nusu saa, kwa mkokoteni.

Kwa hiyo mnapoongea sheria ya kuweka dawa, wekeni na sheria ya pili: anayeita msaada asikamatwe. Vinginevyo mnaweka ndoo ya maji mahali ambapo anayeona moto anakimbia.

#14 Tajiri_wa_Mawe

@Nimeacha_Ngada pole sana ndugu yangu. Kanada hiyo ya pili ipo tangu 2017: ukipiga simu kumwitia msaada aliyezidisha, hushtakiwi kwa kete ulizokutwa nazo mfukoni. Inamlinda na aliyezidisha pia. Haimlindi muuzaji. Hata hivyo wapo wanaokimbia, maana sheria iko kwenye karatasi na woga uko miguuni.

#15 Mfamasia_Pwani

Niongeze la kitaalamu kwa wanaofikiria kwetu. Kile kichupa cha puani kinataka kuhifadhiwa chini ya nyuzi 25, na kinavumilia kwa vipindi hadi 40. Kwenye dashibodi ya gari Dar mchana wa Januari hiyo 40 inapitwa. Kibanda cha mlinzi cha bati, hivyo hivyo. Si kwamba inaharibika siku hiyo hiyo, lakini isikae huko miezi. Mahali pazuri ni ndani, kivulini, panapofikika. Muda wake wa kuisha sasa ni miaka minne kwa vinavyotengenezwa tangu 2024. Ampuli ya sindano ni nafuu zaidi, ila lazima umfundishe mtu kuvunja ampuli, kuvuta dawa na kudunga msuli wa paja gizani huku mikono inatetemeka. Mateja hilo wanaliweza kuliko mimi, tusijidanganye. Meneja wa gesti ndiye ataogopa.

Kwa hiyo mimi ningegawa hivi: puani kwa mapokezi, stendi na mahabusu. Ampuli kwa maskani. Na kabla ya vyote viwili, watu wafundishwe kutoa pumzi, kwa sababu pumzi haina tarehe ya kuisha. Ubongo ukikosa hewa dakika nne, tano, sita, hata dawa ikifika baadaye unamwamsha mtu ambaye siye yule.

#16 Meneja_wa_Loji

Mahabusu umesema vizuri. Na magereza, siku ya mtu kutoka. Huyo Fundi angetoka na kichupa mfukoni.

#17 Nimeacha_Ngada

Angekiuza, haha. Lakini angekiuza kwetu. Kingekuwepo getoni.

#18 Mama_Watatu

Nimecheka na kulia. @Nimeacha_Ngada, Fundi alipona?

#19 Nimeacha_Ngada

Hapana dada.

#20 Muuza_Viwanja_Bora

Viwanja vya Kigamboni vimepimwa, hati mkononi, karibu inboksi.

#21 Mkulima_wa_Mtandaoni

Nilisema mimi.

#22 Babu_Kijiwe

Nimelala nikiwaza, nimeamka nayo. Bado nasema nyoka kwanza kwetu Tabora, sibadiliki hapo. Lakini neno "kuwalea" nalirudisha mfukoni. Swali kwa wataalamu: kama serikali ina hela ya visanduku mia tu, mnaviweka wapi? Msiniambie kila mahali.

#23 Binti_Kisauni

Babu, swali zuri kuliko yote humu. Mia moja? Tisini kwa watu, kumi kwa majengo. Hao tisini niachie mimi niwachague: muuza kahawa aliye jirani na maskani, mama wa chumba cha nyuma, yule teja mmoja ambaye kila maskani huwa naye, asiyekimbia. Kila maskani ina mmoja asiyekimbia. Hizo kumi: mahabusu, stendi, na chumba cha dharura ambacho usiku hakifungwi.

#24 Tajiri_wa_Mawe

Mimi ningesogeza, themanini kwa ishirini. Jengo lina faida moja ambayo mtu hana: halihami, na likiwekewa alama mlangoni, mgeni naye anajua pa kukimbilia. Maktaba moja ya Philadelphia, mtaa wa Kensington, wakutubi wake mwaka 2017 walikuwa wakitoka nje na naloksoni kuokoa watu kwenye bustani iliyo mbele. Sheria haikuwatuma. Walikuwa wanawaona watu wakianguka dirishani kwao. Kwa hiyo jengo linafaa pale ambapo shida imeshalifuata hadi mlangoni. Kulazimisha kila ofisi ya wanasheria ghorofa ya ishirini iwe nacho, hapo mnamnufaisha muuza dawa.

#25 Mlinzi_wa_Zamu

Nimerudi wakuu, nilikuwa zamu mbili mfululizo. Nimesoma yote, ya Fundi nimeisoma mara mbili.

Mrejesho. Nilimwandikia msimamizi, nikamweleza habari ya kabati, teke sikulitaja. Wiki nzima kimya. Baadaye akaniita akasema hofu yake ni kisanduku kuibwa. Nikamuuliza: na aliyekiiba atakipeleka wapi? Akafikiria kidogo, akatabasamu kwa mbali. Sasa kipo juu ya kaunta yetu, pembeni ya kengele, kimefungwa kwa kijiuzi cha plastiki unachokikata kwa kukivuta tu. Nimehesabu, hatua 22 hadi mlango wa choo. Mama wa usafi naye kafundishwa, na tulipofanya jaribio alinishinda kwa kasi, mimi nilikuwa bado nasoma karatasi.

Yule dada wa begi nilimkuta nje ya duka la dawa. Vichupa vyake viwili alivimalizia pale chooni, hakuna aliyemrudishia. Huku mkazi anapewa bure famasi, ila yeye anasema wakimwona na lile begi wanamtazama vibaya, basi haingii. Nikaingia mimi. Mfamasia akaniuliza ni kwa ajili ya nani, nikasema rafiki. Nilipotoka nikampa. Alikiweka begini bila neno, akanipa sigara. Sivuti, lakini niliipokea.

Siku hizi sijamfukuza mlangoni. Bosi hajauliza.

#26 Binti_Kisauni

Allah akuweke. Na mlango wa choo? Bado wafungukia ndani?

#27 Mlinzi_wa_Zamu

Bado. Nimeandika barua ya pili.